Nataka kujifunza Kihispania, mume wangu anasema kwanza watoto wajue Kiswahili

Shikamoo Mama.

Safu hii nimeisoma tangu nikiwa Iringa, na sikuwahi kudhani kwamba siku moja nami nitaandika. Naomba jina langu lisitajwe, wala la kanisa letu, maana hapa Houston Watanzania, Wakenya na Wakongo tunajuana.

Nina miaka 38. Nimeolewa, tuna watoto wawili, wa kike ana miaka 11 na wa kiume 7. Nahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, zamu ya usiku, siku nne kwa wiki. Mume wangu anaendesha lori la masafa marefu. Nimeanza pia masomo ya awali ya uuguzi, na Mungu akinisaidia nikafaulu, maisha yetu yatabadilika.

Kanisani kwetu tunaabudu kwa Kiswahili. Jengo tunakodi, nasi tunaingia saa nane mchana, baada ya ushirika wa Kihispania kutoka. Ni watu wa Honduras, Guatemala, El Salvador na Mexico. Jiko ni moja. Miaka mitatu sasa tunapishana humo, wao wakiosha masufuria yao, sisi tukipasha pilau. Yupo mama mmoja wa Honduras, umri wa mama yangu mzazi. Kiingereza hana, zaidi ya kushukuru na kuaga. Mimi ananiita "mija", nikaambiwa maana yake ni binti yangu. Kila Jumapili ananiwekea tamale mbili, unga wa mahindi uliofungwa kwenye jani la mgomba. Mara ya kwanza nilipofungua lile jani nilinusa nyumbani, nikalia.

Mwezi wa pili mwanawe alifariki huko Honduras, na yeye kwa ajili ya mambo ya vibali hakuweza kwenda kumzika. Nilimkuta jikoni amekaa peke yake. Mama, unajua kwetu mfiwa haachwi hivi hivi. Nilimshika mikono nikatafuta neno, sikulipata. Nikatoa simu, nikaandika, ile programu ya kutafsiri ikasema kitu kwa sauti ya mashine. Akatabasamu ili nisijisikie vibaya. Mwenye msiba ndiye aliyenionea huruma mimi.

Wiki chache baadaye, kazini, kuna mzee wa Mexico mwenye maradhi ya kusahau. Kiingereza alichokuwa nacho kimemtoka chote, amebaki na Kihispania. Usiku anaita kwa sauti. Sisi tulidhani ana kiu au anaumwa, nikawa nampelekea maji. Usiku mmoja dada anayefanya usafi akaniambia, huyu haombi maji, anasema Zaburi ya 23. Sijui ni usiku mingapi nilimkatiza akiwa anaomba.

Basi nimeona maktaba ya mtaani kwetu ina darasa la bure la Kihispania, Jumamosi asubuhi, wiki kumi na mbili. Nikamweleza baba watoto. Hakugomba, yeye si mtu wa kugomba, ila alifungua Biblia akanisomea Nehemia 13, pale Nehemia anapokasirika kwa sababu watoto wa Wayahudi wanasema Kiashdodi na hawajui Kiyahudi. Akaniambia, wanao wanaongea na bibi yao kwa simu kwa ishara, na wewe unataka kwenda kujifunza lugha ya watu wengine? Akaongeza kwamba Jumamosi ndiyo siku pekee tunayokutana sote, na kwamba kama ni kusoma, nisome uuguzi. Sikuwa na jibu.

Mzee mmoja wa kanisa naye aliniambia kwamba siku ya Pentekoste hakuna aliyekwenda darasani. Roho akitaka niseme Kihispania nitasema. Na wapo akina mama wanaonong'ona kwamba nataka kuhama.

Hapo, Mama, niseme ukweli wote. Kuna Jumapili najisikia nimepokelewa zaidi na wale kina mama wa jikoni kuliko na wenzangu. Wale hawaniulizi kwa nini sijajenga nyumbani.

Je, huu ni mzigo Mungu aliouweka moyoni mwangu, au ni tamaa yangu tu nimeivika vazi la dini?

Msomaji wako, Texas

*

Marahaba, binti yangu. Pole na kazi za usiku.

Barua yako niliiacha mezani siku tatu. Nilirudi mara nyingi kwenye lile jiko, na kwenye kitanda cha yule mzee, kabla sijafika kwenye darasa la Jumamosi. Nadhani hata wewe, darasa lilikuja mwisho. Kwanza ulishindwa kumpa mfiwa pole. Halafu ukagundua kwamba mtu uliyekuwa ukimnywesha maji alikuwa kwenye maombi. Kujifunza lugha ni njia uliyoiona ya kutoka katika aibu hiyo, nami aibu hiyo naiheshimu.

Nianze na Nehemia, kwa sababu mume wako hakulitoa andiko hilo ili akushinde. Amelitoa kwa maumivu. Mtu anayekaa barabarani siku nyingi, akirudi nyumbani akakuta watoto wanamjibu bibi yao kwa kutikisa kichwa, ana haki ya kuumia. Lakini soma tena sura ile mkiwa wawili. Kinachomuudhi Nehemia ni lugha iliyopotea nyumbani. Yeye mwenyewe alikuwa mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi, na divai ya mfalme haimiminwi kwa Kiebrania. Danieli na wenzake walifundishwa lugha ya Wakaldayo, na waliendelea kumwomba Mungu wa baba zao. Kwa hiyo ningependa mwulizane, bila kulaumiana: hapo nyumbani, baba akimwita mtoto, anamwita kwa lugha gani? Wewe ukimkaripia yule wa miaka saba, unamkaripia kwa lugha gani? Kihispania hakijaingia nyumbani kwenu bado, na Kiswahili tayari kimeshatoka. Aliyekitoa ni mwingine. Labda ni Kiingereza cha shule, labda ni uchovu wenu nyote wawili. Huo uchovu siutanii. Mama anayetoka zamu saa moja asubuhi hana nguvu ya kumsahihisha mtoto ngeli.

Ila usinielewe kwamba nimemkosoa mume wako nikakupa wewe ushindi. Jumamosi aliyoitaja ni kitu halisi. Wiki kumi na mbili za kumwona mkeo akitoka asubuhi, siku pekee uliyo nyumbani, si kidogo. Nisingependa uende darasani huku umeacha kovu.

Mzee wako wa kanisa namheshimu. Lakini kitabu hicho hicho cha Matendo hakiishii sura ya pili. Geuza mpaka sura ya sita. Kanisa bado changa, na manung'uniko ya kwanza ndani yake yanatokea kwa nani? Kwa Wayahudi wa Kiyunani dhidi ya Waebrania, kwa sababu wajane wa wale wenye lugha nyingine walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Ni chakula na wajane, watu wa imani moja na ndimi mbili. Ni kama jiko lenu. Mitume hawakusema tungoje Roho awape wajane lugha yetu. Walichagua watu saba, na ukisoma majina yao, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao, yote ni ya Kiyunani. Waliwaweka mezani watu waliofanana na wanung'unikaji. Siku ya Pentekoste watu walistaajabu kila mmoja kusikia lugha aliyozaliwa nayo. Sura ya sita inaonyesha kazi iliyofuata baada ya mshangao kwisha. Mimi nazisoma pamoja.

Na sisi wenyewe tumefikiwaje? Mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo akamzika mkewe Rosina pamoja na kichanga chao. Hakuwa na Pentekoste ya kumpa Kiswahili. Alikaa na watu, akauliza, akakosea, akaandika, na kamusi yake ikatoka mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufa. Kuna mtu alikaa darasani ili bibi yako amsikie Mungu akisema naye.

Nami niliwahi kumwona mtu wa namna hiyo kwa macho yangu. Nilipokuwa muuguzi kijana katika hospitali ya misheni, tulikuwa na sista wa Kihispania. Mwaka wake wa kwanza alisema "mtoto kinalia" na "mama linaumwa", na kina mama wodini walicheka mpaka wakashika matumbo. Alicheka nao, akaandika kwenye daftari la shule, kesho yake akakosea tena. Nakumbuka jambo moja: hao waliomcheka ndio waliomwambia siri za ndoa zao, ambazo sisi wenye Kiswahili safi hatukuambiwa. Kihispania kidogo nilicho nacho kilitoka kwenye daftari lile.

Hivyo naweza kukuambia kwamba lugha hii haiko mbali nawe kama unavyofikiri. Irabu zake ni tano, a, e, i, o, u, na zinatamkwa kama zetu. Mwingereza huhangaika hapo, wewe utapita. Ina jinsi mbili za majina, ya kiume na ya kike, na mtu aliyelelewa na ngeli zetu zote hatatishwa na mbili. Halafu kuna ndugu zetu humo. Mwarabu alikaa Hispania karne nyingi kama alivyofika pwani yetu, akaacha vitu vilevile kwenye nyumba mbili: sukari kwao ni azúcar, zeituni ni aceituna, fulani ni fulano. Hata ile "hata" ya Biblia, kama katika "hata milele", kwao ni hasta. Mreno naye alituachia meza na bendera, nao wanasema mesa na bandera.

Lakini Mreno huyo alituachia neno jingine, na hapa nakuomba utulie kidogo. Wanaisimu wanasema neno letu gereza limetoka kwenye igreja, yaani kanisa, ambalo kwa Kihispania ni iglesia. Pwani ilisikia jina la nyumba ya Mungu ikaelewa jela. Kihispania nacho kilivuka bahari kikiwa na msalaba mkono mmoja na upanga mkono wa pili. Mwaka 1511, kisiwani Hispaniola, mtawa Antonio de Montesinos alisimama mimbarani akawauliza mabwana wa Kihispania kama wenyeji wale wa kisiwa, waliowaita Wahindi, hawakuwa binadamu wenye roho. Aliuliza kwa Kihispania, lugha ile ile iliyotumika kuwaswaga migodini. Nakutajia haya kwa sababu umeandika "ushirika wa Kihispania" kana kwamba wote wamezaliwa na lugha hiyo. Uliza. Guatemala ina watu wengi wa jamii za Maya ambao lugha ya mama zao ni K'iche', au Q'eqchi', au nyingine. Huenda mama anayesimama karibu nawe kwenye karai la vyombo alijifunza Kihispania shuleni, kama wewe Mhehe ulivyojifunza Kiswahili. Utakuwa umekwenda kumpokea katika lugha ambayo kwake pia ni ya ugeni. Si vibaya, ila ni vizuri kujua umemkuta wapi.

Nimependa pia ujue Biblia iliyo mikononi mwao. Casiodoro de Reina alikuwa mtawa karibu na Sevilla. Mwaka 1557 alikimbia Hispania kwa sababu ya imani yake, akahama mji hadi mji, na kwao wakachoma sanamu yake kwa kuwa yeye mwenyewe hawakumpata. Biblia yake nzima ilichapwa Basel mwaka 1569, ukurasa wa mbele ukiwa na dubu anayetafuta asali. Cipriano de Valera aliisahihisha, ikatoka Amsterdam mwaka 1602. Hiyo Reina-Valera, hasa masahihisho ya mwaka 1960, ndiyo inayosomwa katika makanisa mengi ya kiinjili ya watu wa Amerika ya Kusini na ya Kati. Ni Biblia iliyotafsiriwa na mkimbizi. Mama aliyeshindwa kurudi kumzika mwanawe anaisoma.

Yule mzee wako, basi, huenda alikuwa akisema hivi: *Jehová es mi pastor, nada me faltará.* Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu. Angalia neno pastor. Kwao ni yule anayechunga kondoo na ni yule anayesimama madhabahuni, sawasawa na mchungaji wetu. Mstari huo mmoja unaweza kuujua kabla ya zamu yako ijayo, na hauhitaji darasa.

Hapa lakini niongee nawe kama muuguzi kwa muuguzi. Kumtuliza mgonjwa kwa lugha yake ni jambo moja, kumtafsiria ni jingine. Mwaka 1980, Florida, kijana wa miaka 18 alipelekwa hospitali akiwa hajitambui. Ndugu zake walitumia neno intoxicado, wakimaanisha ameathiriwa na alichokula. Madaktari wakasikia kwamba amelewa dawa za kulevya. Alikuwa akivuja damu kwenye ubongo, na alipona akiwa amepooza mikono na miguu. Ukijua maneno mia mbili, wenzako usiku wataanza kukuita: njoo umuulize huyu anaumwa wapi, mwambie asaini hapa. Hiyo ni hatari kwake na kwako. Kwa dawa, maumivu na idhini, sema aitwe mkalimani aliyesomea kazi hiyo. Zaburi ni yako.

Sasa lile la mwisho, ambalo umeliandika kwa mistari mitatu tu, na mimi nadhani ndilo zito. Unasema jikoni hakuna anayekuuliza kwa nini hujajenga. Mwanangu, hawakuulizi kwa sababu hawajui kuuliza. Siku utakapokijua Kihispania, nao wataweza kukuumiza. Watakuwa na masengenyo yao, na ndugu zao wanaojenga, na maswali yao. Utamu wa watu usioelewa lugha yao ni mtamu kweli, na nisingekunyang'anya, ila ni wa muda. Je, ungekwenda darasa lile hata kama kanisa lako lingekuwa linakupenda vizuri? Sina jibu lako. Ukisema ndiyo, haraka, bila kufikiri sana, hilo litakueleza kitu. Ukisita, huenda kuna mazungumzo unayopaswa kuwa nayo kwa Kiswahili kwanza, na dada mmoja wawili wa upande wako wa jiko.

Umeuliza kama ni mzigo wa Mungu au tamaa. Sijui kwa nini lazima iwe kimoja. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba anatamani kupita kwao akienda Hispania, na alikuwa na hamu hiyo, aliisema waziwazi. Biblia haituambii kama alifika. Hamu yenyewe haikumwondolea kazi iliyokuwa mbele yake: alikwenda kwanza Yerusalemu kupeleka mchango wa maskini.

Kuhusu darasa, uzuri wake ni kwamba lina mwalimu, lina mwisho, na ni bure. Ubaya ni Jumamosi, na masomo ya uuguzi ambayo hayasubiri. Ukilisogeza mpaka baada ya mtihani, utasoma ukiwa na nafasi kichwani. Lakini nimeona mambo mengi mema yaliyosogezwa ambayo hayakurudi, na yule mama hazidi kuwa kijana. Ipo njia ya jikoni: dakika kumi na tano kila Jumapili, yeye akutajie sufuria, chumvi, maji ya moto, wewe umtajie kwa Kiswahili. Inakwenda polepole na utajifunza sarufi mbovu. Lakini yeye atakuwa mwalimu, na mama aliyezoea kusaidiwa huenda akafurahi kuombwa kitu.

Na binti yako wa miaka 11? Barua nzima watu wazima wanagombania ulimi wake na hakuna aliyemuuliza. Huenda shuleni anakaa na watoto wa Kihispania kila siku, huenda anajua zaidi yako. Siku moja mume wako akiwa nyumbani, jaribuni meza moja: chakula chote kitajwe kwa Kiswahili, na yeye akitaje kwa Kihispania kama anajua. Usimfanye mkalimani wako kanisani, mtoto asibebeshwe misiba ya watu wazima. Mezani tu. Mume wako akimsikia anasema meza na mesa kwa pumzi moja, huenda naye akakisikia kitu ambacho mimi siwezi kumwambia kwa barua. Au huenda asikisikie, akasema bado Jumamosi ni ya nyumbani. Hapo mtalizungumza tena, nawe utakuwa umemsikiliza kwanza.

Jumapili hii, kabla ya yote hayo, nenda jikoni. Miezi imepita, lakini mama aliyezika mwanawe kwa simu bado yuko matangani. Mwambie: *La acompaño en su dolor.* Tamka kama ilivyoandikwa, ile ñ ni ny yetu: la akompanyo en su dolor. Maana yake, naambatana nawe katika uchungu wako. Ndilo neno lililo karibu zaidi na pole ninalolijua. Atajibu kirefu na hutaelewa. Vuta kiti, pilau itasubiri.

Ukipata nafasi niandikie tena, nijue binti yako alisema nini.